Noti za dola moja: Houston, Septemba 1970

Ipo picha moja ya zamani ambayo mtu akianza kusoma habari za tenisi ya wanawake lazima akutane nayo. Wanawake tisa, baadhi wamesimama, wengine wako chini mbele yao, na noti za dola moja zimeinuliwa juu. Wanacheka. Msomaji huhesabu vichwa, akapata tisa, akaridhika: basi hawa ndio wale tisa walioasi chama cha tenisi cha Marekani na kuanzisha mchezo wa kulipwa wa wanawake.

Hesabu hiyo ina kasoro. Wachezaji pichani ni wanane. Wa tisa ni Gladys Heldman, mwenye jarida la World Tennis, mama wa miaka 48 ambaye wiki ile hakuwa na mechi yoyote ya kucheza. Mchezaji wa tisa, Julie Heldman, binti yake, hayumo. Alikuwa majeruhi, akajiunga baadaye kidogo.

Naanza na kasoro hii kwa makusudi. Kisa cha Houston husimuliwa kama kisa cha ujasiri, na ujasiri ulikuwepo, sibishi. Ila wanamichezo wengi wa kike walikuwa jasiri vilevile kabla yao na bado wakaishia njiani. Houston ilikuwa na yule mama asiye na mechi, na yeye aliuliza jambo ambalo wachezaji, kwa hasira waliyokuwa nayo, walikuwa hawajalifikia: mpini kaushika nani?

Kilichowakasirisha

Hadi 1967 tenisi kubwa ilikuwa ya ridhaa kwa jina tu. Fedha za ushindi hazikuruhusiwa, lakini bahasha zilipita chini ya meza, na unene wa bahasha ulitegemea jina lako na jinsi unavyojua kunyamaza. Mwaka 1968 milango ikafunguliwa, zawadi zikatangazwa hadharani, na hapo wanawake wakaona kwa macho yao kile ambacho bahasha zilikuwa zikikificha. Wimbledon ya mwaka ule Rod Laver alichukua pauni 2,000, Billie Jean King pauni 750. Roma, 1970, Ilie Nastase alipewa dola 3,500 kwa ubingwa wa wanaume. King, bingwa wa wanawake, dola 600.

Pengo hilo ndilo linalotajwa siku zote, lakini lilikuwepo baya zaidi. Mapromota walipoanza kulipa waziwazi walianza pia kubana matumizi, na njia rahisi ya kubana ilikuwa kuwatoa wanawake kwenye ratiba, shindano moja baada ya jingine. Mchezaji wa kike wa 1970 hakuwa akidai nyongeza tu. Alikuwa akiitazama kazi yenyewe ikiyeyuka.

Ndipo likaja tangazo la mashindano ya Pacific Southwest, Los Angeles. Bingwa wa wanaume dola 12,500, bingwa wa wanawake dola 1,500, na mwanamke atakayetolewa kabla ya robo fainali haambulii hata senti. Hebu liangalie hilo la mwisho. Umelipa nauli, umelipa chumba, umeshinda mechi ya kwanza, umepoteza iliyofuata, unafunga mkoba wako wa raketi na kuondoka na deni.

Mwenye mashindano alikuwa Jack Kramer, bingwa wa Wimbledon wa 1947 na promota aliyeijua biashara ya tenisi kuliko karibu mtu yeyote wa zama zake. Hoja yake: watu hawanunui tiketi kuja kuangalia wanawake. Naipa nafasi hoja hii kwa sababu ingali hai, na wanaoisema si wajinga. Tatizo lake ni kwamba inajizalisha yenyewe. Mpange mwanamke uwanja wa pembeni, saa ambayo watu bado wako kazini, usimtangaze, kisha hesabu vichwa. Jibu ulilolitaka utalipata.

Na hata watazamaji wakija, hawaokoi chochote ikiwa mpini uko kwa mwingine. Tarehe 26 Desemba 1920, Dick, Kerr Ladies, timu ya soka ya wafanyakazi wa kiwanda cha Preston, Uingereza, ilicheza na St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Waliingia watu 53,000, na maelfu wengine wakabaki nje ya milango. Hoja ya Kramer ilikuwa imejibiwa nusu karne kabla hajaitoa. Kikafuata nini? Desemba 1921 chama cha soka cha Uingereza kikaziagiza klabu zake zisiwape wanawake viwanja. Hakikuwa na haja ya kuwakataza kucheza. Ufunguo wa lango ulitosha, na amri hiyo ikadumu karibu miaka 50. Wale 91,553 walioingia Camp Nou tarehe 30 Machi 2022 kuona wanawake wa Barcelona wakicheza na Real Madrid waliingia kwa sababu mwenye uwanja mwenyewe aliamua kufungua.

Kususia kungemuumiza nani?

King na mwenzake Rosie Casals walimfuata Heldman huko Forest Hills, New York, wakati wa US Open. Heldman akaenda kuzungumza na Kramer. Kramer hakuyumba. Basi mazungumzo yakaelekea kwenye kususia.

Kususia kuna sauti kubwa, ila pima mambo yalivyokuwa. Kramer alikwisha kusema kwamba wanawake hawamwingizii kitu, na kumnyima mtu kile anachodai hakihitaji si adhabu. Wanawake wangekaa nyumbani wiki nzima bila kipato, naye angeokoa fedha na kusema: mnaona? Njia ya kukubali na kuendelea kubembeleza ndiyo waliyokuwa wakiifuata tangu 1968, na ilikuwa imewafikisha kwenye zile dola 600 za Roma.

Heldman akachagua jingine: mashindano yao wenyewe, wiki ileile, mji mwingine. Aliweza kwa sababu alikuwa na vitu ambavyo mchezaji, hata awe bingwa wa dunia, huwa hana. Alikuwa na jarida aliloliendesha tangu 1953, lililofika mezani kwa kila mtu mwenye sauti katika tenisi. Alikuwa na namba za simu za matajiri waliopenda mchezo huo. Na Houston, Texas, alikuwa na klabu iliyokuwa tayari kufungua viwanja vyake, Houston Racquet Club.

Chama cha tenisi cha Marekani, enzi hizo kikijulikana kwa kifupi kama USLTA, kikakataa kuyatambua mashindano hayo. Hapa ndipo zile dola moja moja zinapoingia, na hazikuwa pambo la picha. Klabu inayokaribisha mashindano yasiyotambuliwa hujitafutia matatizo na chama, na mchezaji anayeshiriki hufungiwa. Heldman akageuza karatasi. Tarehe 23 Septemba 1970 wachezaji walisaini mkataba na jarida lake, kila mmoja kwa dola moja. Kwa saini hiyo walikuwa watu wa mkataba wake na si wanachama waliokiuka ratiba ya chama. Hela yenyewe haikutosha hata chakula cha mchana. Kilichonunuliwa ni hadhi ya kisheria, na sijui kama katika michezo kuna dola nane zilizowahi kutumika vizuri kuliko hizo.

Waliosaini walikuwa Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Peaches Bartkowicz, Kristy Pigeon, Valerie Ziegenfuss, na Waaustralia wawili, Judy Dalton na Kerry Melville. Tunawataja kwa mkupuo kana kwamba hatari yao ilikuwa moja, kumbe haikuwa hivyo. King alikuwa na miaka 26 na makombe ya Wimbledon kabatini, na yeye na Casals walikwisha kucheza kwa mkataba wa promota mwaka 1968, kwa hiyo maisha nje ya kivuli cha chama waliyajua. Pigeon alikuwa na miaka 20. Dalton na Melville walikuwa mbali na kwao, na nyumbani chama chao nacho kingeweza kuwaandama.

Tazama pia nani hakuwepo. Margaret Court, ambaye mwezi uleule alikamilisha kushinda mataji yote manne makubwa ya mwaka, hakusaini. Kundi lilikuwa dogo na halikuwa na malkia wa msimu. Ila wanane wanatosha kujaza robo fainali, na kwa shindano la kwanza hicho ndicho kilichohitajika.

USLTA ikawafungia. Julie Heldman naye, kiwiko kikimuuma, akaingia uwanjani na kucheza pointi moja tu dhidi ya King, ili ahesabiwe amecheza na akifungiwa afungiwe pamoja na wenzake. Habari hii hunichekesha kila nikiisoma. Kwa macho ya karani wa chama, pointi moja ni kosa lililokamilika.

Casals alimshinda Dalton kwenye fainali, 5–7, 6–1, 7–5, na akapewa dola 1,600. Ni dola 100 zaidi ya zile ambazo Kramer angempa bingwa wake wa kike.

Fedha za sigara

Zawadi zote za Houston zilifikia dola 7,500, na katika hizo 2,500 zilitoka kwa sigara za Virginia Slims. Heldman alimpigia simu Joseph Cullman, mwenyekiti wa Philip Morris, mpenzi wa tenisi na rafiki yake.

Wakati huo una maana. Sigara hizo ziliingia sokoni 1968 zikiwalenga wanawake, na kaulimbiu yake ilimpongeza mwanamke kwa alikotoka. Aprili 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni, ianze kufanya kazi Januari 1971. Fedha za matangazo hazikufa, zilihama. Zilitafuta mahali ambapo jina la sigara lingeonekana bila kuvunja sheria, na hapo mlangoni wakawa wamesimama wanawake wanane wasiotakiwa na mtu mwingine yeyote.

Wapo wanaojaribu kulisafisha jambo hili. Mimi siwezi. Mchezo unaotaka pafu zima ulilelewa na bidhaa inayoyaoza mapafu, na wachezaji walioibebea jina lake walikuwa ndio mfano wa afya kwa wasichana wadogo. Wachezaji wenyewe walilijua hilo na walijadiliana. Lakini mlango haukuwa na foleni ya wadhamini safi. Jina la Virginia Slims lilibaki kwenye tenisi ya wanawake, kwa kukatika na kurudi, hadi miaka ya 1990.

Mwaka 1971 msururu wa mashindano ukaanza: 19 kwa mwaka, zawadi zikipita dola 300,000 kwa jumla. Hapa ndipo utamaduni wa mchezo wa kulipwa wa wanawake ulipofinyangwa, na ningependa tukae kidogo, kwa sababu wanaoandika huharakisha kufika 1973.

Mchezaji wa msururu ule aliamka alfajiri kwenda kituo cha redio cha mji ambao haujui. Mchana alicheza mechi. Kabla au baada yake aliwafundisha wake wa wadhamini kupiga mpira, jioni akasimama kwenye tafrija akishikana mikono na wenye maduka. Waligawa tiketi barabarani. Waliwaeleza waandishi wa magazeti, tena na tena, kwamba wao si burudani ya kufungulia mechi za wanaume. Walilala kwenye nyumba za watu waliojitolea kuwapokea. Ted Tinling, mshonaji wa nguo za tenisi aliyekwisha kugombana na Wimbledon kwa ajili ya mitindo yake, aliwashonea magauni yenye rangi na vimetameta, maana mtazamaji wa usiku kwenye ukumbi wa ndani anataka kitu cha kuangalia, na weupe mtupu ulikuwa wa bustani za mabwana.

Mwaka huohuo King akawa mwanamke wa kwanza katika michezo kupitisha mapato ya dola 100,000 kwa mwaka. Rais Richard Nixon akampigia simu kumpongeza.

Wengi hukomea kwenye ile simu. Mimi naona zaidi zile asubuhi za redio. Mchezaji wa kike alipewa kazi ya pili isiyo na mshahara, ya kuuza mchezo wenyewe, na kazi hiyo haikuisha msururu ulipokua. Mpaka leo, katika karibu kila mchezo, mwanamke akishinda huulizwa kuhusu hali ya mchezo wa wanawake. Mwanaume akishinda huulizwa kuhusu mechi.

Mama mwenye jarida anaondolewa

Chama hakikukaa kimya. Kilianzisha msururu wake wa wanawake, na nyota wawili wachanga waliokuwa wakivuta watu, Chris Evert na Evonne Goolagong, wakacheza upande huo. Mapema 1973 mashabiki wa tenisi ya wanawake walikuwa wakichagua kati ya misururu miwili isiyo na nyota wote. Hakuna aliyeridhika, hasa wenye tiketi za kuuza. Kesi zikafika mahakamani, kisha pande mbili zikapatana. Chama kikautambua msururu. Sehemu ya mapatano: Gladys Heldman ajiondoe.

Sehemu hii sijawahi kuimeza vizuri. Aliyeshona shati akaambiwa halimkai. Lakini kwa mantiki ya kisa chenyewe inaeleweka: chama kilijua nani kati yao alikuwa wa hatari. Mchezaji unaweza kumfungia, atazeeka, atastaafu. Mtu anayeweza kuunda ratiba, kupata viwanja na kuleta mdhamini ni chama kingine tayari.

Pengo lake likajazwa haraka. Juni 1973, siku chache kabla ya Wimbledon, wachezaji zaidi ya 60 walikutana katika hoteli ya Gloucester, London. King akamwomba Betty Stöve, Mholanzi mrefu mwenye mwili wa kuziba mlango, asimame mlangoni asiruhusu mtu kutoka hadi waelewane. Walipotoka, chama cha wachezaji wa kike, WTA, kilikuwa kimezaliwa na King ndiye rais. Alikuwa amependelea chama kimoja cha wanaume na wanawake, wanaume hawakutaka. Wiki hizohizo wanaume 81 waliisusia Wimbledon kumtetea mwenzao Nikola Pilić aliyefungiwa. Kumbe mshikamano waliujua.

King alikuwa amejifunza kutoka kwa Heldman. Mwaka 1972 alishinda US Open akapewa dola 10,000, Nastase akapewa 25,000. Angeweza kulalamika tu. Alionya kwamba huenda asirudi mwaka unaofuata, na wakati huohuo akasaidia kutafuta mdhamini wa kuziba pengo. Kampuni ya Bristol-Myers ikatoa. Mwaka 1973 Margaret Court na John Newcombe, mabingwa wa US Open, walipata dola 25,000 kila mmoja.

Mechi ya King na Bobby Riggs, bingwa wa zamani wa Wimbledon, mwanaume wa miaka 55, kwenye ukumbi wa Astrodome, Houston, 20 Septemba 1973, naipitia kwa kasi. Watu 30,472 ukumbini, King akashinda seti tatu kwa bila. Ilikuwa sherehe kubwa, na ilimwondolea King mzigo baada ya Riggs kumpiga Court mwezi Mei. Kwa hoja ninayoijenga, karatasi ya mapatano na ule mlango wa Stöve vilikuwa vimekwisha kufanya kazi.

Wimbledon ilisubiri hadi 2007 kulipa sawa, mwaka mmoja baada ya Venus Williams kuandika gazetini kuwadai. Akashinda yeye, akawa wa kwanza kupokea kiasi kilekile na bingwa wa wanaume. Mashindano mengi ya chini ya yale makubwa manne bado yana pengo. Mwaka 2023 WTA ilitangaza mpango wa kulifunga kwa hatua hadi 2033, na mwaka huohuo kampuni ya uwekezaji ya CVC ikanunua asilimia 20 ya mkono wake wa biashara kwa dola milioni 150.

Kisha likaja suala la Saudi Arabia. Fainali za mwisho wa msimu za WTA zilipelekwa Riyadh kwa miaka mitatu kuanzia 2024. Chris Evert na Martina Navratilova waliandika mapema mwaka huo kupinga, wakitaja hali ya wanawake na ya mashoga nchini humo. King, aliyewahi kucheza chini ya bango la sigara, alikuwa amekwisha kusema anaamini katika kukaa na watu mezani kuliko kuwakimbia. Hakuna kati yao anayeongea upuuzi, na wote watatu walijenga majina yao kwenye msururu uliolipiwa na Philip Morris.

Zawadi za fainali za 2024 zilikuwa dola milioni 15.25. Bingwa, Coco Gauff, aliondoka na dola milioni 4.8. Siku za mwanzo, viti vingi ukumbini vilikuwa vitupu.